Chupa nne za pilipili zilivyomrudisha mwanangu kwa bibi yake

Kwa karibu miaka miwili, mazungumzo ya kijana wangu na bibi yake yalikuwa ya maneno matano tu. "Shikamoo Bibi. Mzima. Haya, kwaheri." Kisha ananirudishia simu haraka kama mtu aliyeshika kaa la moto, anapanda ngazi na kujifungia chumbani kwake.

Ana miaka 14. Amezaliwa hapa Leicester, Uingereza. Bibi yake, yaani mama yangu, yuko Tanga, Ngamiani. Kiswahili anakielewa, kukisema ndiyo kazi. Na kosa ni letu wazazi. Alipoanza shule, mwalimu mmoja alitushauri tuzungumze naye Kiingereza nyumbani ili asiachwe nyuma na wenzake. Tulitii bila kuuliza mara mbili. Tulipokuja kugutuka, mtoto alikuwa na miaka 12 na tayari anaona aibu. Kila akifungua mdomo kwenye simu, wajomba zake wanacheka. Hawakuwa na nia mbaya, lakini mtoto akichekwa mara tatu, ya nne hafungui mdomo.

Nimeanza na hayo, msomaji, ili uelewe kwa nini leo naandika habari za sosi za pilipili.

Chupa ya mwimbaji

Siku moja nilirudi kutoka kazini nikakuta chupa mpya mezani. Kijana alikuwa ameinunua kwa pesa zake za matumizi. Inaitwa Tingly Ted's, sosi ya pilipili ya mwanamuziki Ed Sheeran, iliyoingia sokoni mwaka 2023 kwa ushirikiano na kampuni ya Kraft Heinz. Kijana akanieleza kwa furaha kwamba Sheeran anapenda tomato sosi ya Heinz kiasi cha kujichora nembo yake mkononi.

Mimi nilichukia. Ndani ya jokofu letu kulikuwa na chupa ya chachandu ya mama yangu, imeletwa na mgeni kutoka Tanga, imefungwa mifuko mitatu ya plastiki isivuje kwenye sanduku. Kijana huyu hajawahi kuigusa. Sasa anatoa pesa zake kununua pilipili ya mwimbaji!

"Huyu anajua nini kuhusu pilipili?" nikamuuliza.

"Hii ni tofauti, Mama," akajibu kwa Kiingereza, akaichukua chupa yake akaondoka.

Usiku ule nililala vibaya. Nilijua nimefanya kile kile walichofanya wajomba zake. Mtoto ameleta kitu anachokipenda mezani, mimi nimemcheka.

Baada ya muda, dada yangu anayeishi Marekani akaja kututembelea. Kwa kuwa alisikia mpwa wake anapenda pilipili, akamletea chupa mbili za Cloud 23, sosi ya Brooklyn Beckham, mtoto mkubwa wa mwanasoka David Beckham. Ilianza kuuzwa mwaka 2024. Ziko za aina mbili, moja ya halapenyo yenye utamu na nyingine ya habanero yenye ukali. Mume wangu, ambaye mpira ndiyo dini yake ya pili, alikumbuka mara moja kwamba 23 ndiyo namba aliyovaa Beckham baba alipokuwa Real Madrid.

Ya mwisho ilitoka kwa rafiki wa shuleni. Inaitwa The Last Dab. Hii haina jina la msanii, ila ndiyo iliyowapa wasanii wengi machozi. Inatoka kwenye kipindi cha Hot Ones cha YouTube kilichoanza mwaka 2015. Mtangazaji Sean Evans anakaa na mgeni maarufu, wanakula mabawa kumi ya kuku, kila bawa lina sosi kali kuliko lililotangulia, huku mgeni akiulizwa maswali. Wapishi, waigizaji na waimbaji wamekaa pale wakitokwa jasho na kamasi. Watoto wetu wanakipenda kwa sababu ni nadra kumwona mtu maarufu akiwa hoi kama sisi.

Jumamosi ya kuonja

Nikaamua kubadili njia. Nikamwambia kijana, "Jumamosi tunaonja zote, familia nzima. Lakini kuna masharti mawili. La kwanza, hatulambi kwenye kijiko kama watu wa kwenye video, tunapikia chakula chetu. La pili, kila mtu anatoa alama na sababu zake kwa Kiswahili. Hakuna kumcheka mtu."

Alinitazama kwanza akidhani natania. Kisha akaenda kutafuta daftari.

Tulianza na maneno. Kwa Kiingereza anasema "hot" kwa kila kitu, chai na pilipili sawasawa. Nikamwambia chai ni ya moto, pilipili ni kali. Pilipili inawasha mdomoni, ikizidi inachoma. Siki inaleta uchachu. Kuna sosi inayowasha mwanzoni ikaisha, na kuna inayokuja polepole ikakaa. Akaandika yote. Mdogo wake wa miaka saba akawa mwandishi wa alama, maana yeye pilipili hali.

Tingly Ted's tuliitia kwenye chipsi mayai. Ni nzito kidogo, ina utamu na uchachu, ukali wake ni wa kistaarabu. "Kama tomato sosi iliyochangamka," alisema mume wangu, na kijana akaandika neno "changamka" kwa herufi kubwa. Tulipoijaribu kwenye maharage ya nazi, ilishindwa. Siki ilipigana na nazi, sufuria nzima ikawa na ladha ya kitu kilicholala. Nilijifunza hapo kwamba sosi hizi za chupa nyingi zina siki, chumvi na mara nyingi sukari. Ukizipikia, punguza ndimu na chumvi, na kwenye mchuzi wa nazi usitie jikoni, mtu ajiwekee mwenyewe kwenye sahani.

Ile ya halapenyo tulipaka kuku wa kuchoma. Kosa langu, nilipaka tangu mwanzo. Sukari iliungua, kuku akawa mweusi nje na mbichi ndani. Mara ya pili nilipaka dakika tano za mwisho, akatoka anang'aa, na mifupa ikabaki mitupu.

Ya habanero ndiyo iliyonigusa. Nilipofungua kizibo nilisikia harufu ya pilipili mbuzi, ile harufu yake ya matunda, na nikajiona nimesimama jikoni kwa mama. Si ajabu, pilipili mbuzi na habanero ni ndugu. Tuliila na mihogo ya kukaanga. Mume wangu alitoa tisa kwa kumi. Mimi nilitoa nane, na nilikuwa nabana.

The Last Dab tuliiendea kwa kijiti cha meno. Pilipili yake inaitwa Pepper X, imezalishwa na mkulima Ed Currie wa South Carolina, na mwaka 2023 Guinness waliitangaza kuwa kali kuliko zote duniani, kwa wastani wa vipimo vya Scoville milioni 2.69. Kijana ndiye aliyetueleza. Kipimo hicho kilibuniwa mwaka 1912 na mfamasia Mmarekani, Wilbur Scoville, ambaye alikuwa akichanganya pilipili na maji ya sukari mpaka waonjaji wasisikie tena ukali. Halapenyo ina vipimo kati ya 2,500 na 8,000 hivi. Habanero ni kati ya 100,000 na 350,000. Namba hizo ni za pilipili yenyewe, sosi huwa na nguvu pungufu kwa sababu imechanganywa na vitu vingine. Hata hivyo, tone moja tulilotia kwenye bakuli la supu la mume wangu lilimfanya akae kimya, aweke kijiko chini taratibu, na kutoka nje kwenye baridi bila koti. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Hata yeye alicheka, aliporudi.

Ile ilikuwa Jumamosi nzuri. Lakini pia ndiyo iliyonifanya nilegee. Niliirudisha chupa ile kabatini, rafu ya kawaida, karibu na chumvi.

Simu kumi na moja

Wiki tatu baadaye, Jumamosi ya Januari, nilikuwa zamu ya jioni. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na simu zetu tunaziacha kwenye kabati la wafanyakazi. Mume wangu ni dereva wa basi, naye alikuwa barabarani. Kijana alibaki na mdogo wake.

Nilipotoka kunywa chai nikakuta simu kumi na moja ambazo hazikupokelewa. Mzazi mwenzangu, unaujua ule ubaridi unaoanzia tumboni.

Rafiki wawili wa kijana walikuwa wamekuja nyumbani. Wakatiana ujasiri, wakamimina ile sosi kali kwenye kijiko cha chai ili mmoja ailambe na mwingine apige video. Hakuna aliyethubutu. Wakaacha kijiko mezani wakarudi kwenye michezo yao. Binti yangu akakiokota akipeleke kwenye sinki, akashika palipo na sosi, akagusa mdomo, na ulipoanza kuwaka akalia, akajifuta machozi kwa mkono ule ule.

Kijana alinipigia. Akampigia baba yake. Hakuna aliyepokea, wenzake wamekimbia, mdogo wake anapiga kelele kwamba haoni. Hapo akampigia mtu mzima pekee ambaye alijua siku zote anapokea, hata kama ni saa tatu usiku kwake. Akampigia bibi yake.

Mama yangu amenisimulia mazungumzo yale mara nyingi. Kijana alisema, "Bibi, nisaidie. Mdogo wangu analia. Jicho yake imeingia pilipili. Mimi sijui nifanye."

Hakumsahihisha. Wala hakuuliza mama yako yuko wapi. Alisema polepole, neno moja moja, "Mume wangu, nisikilize. Kwanza osha mikono yako. Tia mafuta ya kupikia, sugua, kisha sabuni. Umemaliza? Sasa osha mikono ya mwenzio hivyo hivyo. Asiguse tena jicho. Mpeleke bombani, maji ya kawaida, mengi, yapite juu ya jicho taratibu. Hesabu na mimi." Wakahesabu pamoja kwa Kiswahili, mara nyingi mno. Kisha akamwambia ampe mdogo wake maziwa baridi ya kunywa, ayazungushe mdomoni kwanza.

Nilipopiga, kijana alikuwa tayari amempigia pia namba 111, ile ya ushauri wa afya ya hapa, kwa sababu bibi alimwambia, "Sasa piga simu kwa daktari wa huko kwenu, mimi ni bibi tu." Wakamwambia aendelee na maji. Nilipofika nyumbani binti alikuwa amelala kwenye kochi, jicho jekundu lakini linaona, na kaka yake amekaa sakafuni kando yake, simu bado iko mkononi, bibi bado yuko hewani.

Sikugomba. Nilikuwa nimejiandaa kugomba njia nzima, lakini nilipomwona nilikumbuka ni nani aliyeiweka chupa ile karibu na chumvi.

Mama wa mihogo

Kesho yake jioni kijana aliomba simu mwenyewe. Alitaka kumuuliza bibi alijuaje cha kufanya.

"Mume wangu," mama yangu akamwambia, "mimi nimetwanga pilipili miaka ishirini. Hilo la jicho limenipata mimi, limempata mama yako, limempata kila mtu wa nyumba hii."

Hapo ndipo kijana aliposikia jambo ambalo sikuwahi kumweleza. Baba yangu alifariki nikiwa darasa la tatu. Mama aliuza mihogo ya kukaanga na chachandu nje ya geti la shule, shule ile ile niliyokuwa nasoma. Ada, sare, madaftari, vyote vilitoka kwenye beseni lile. Na mimi, nasema kwa aibu, nilikuwa nikipita upande wa pili wa barabara wenzangu wasijue kwamba yule ni mama yangu. Mihogo ilikuwa na washindani wengi. Chachandu ndiyo iliyowaleta wateja.

Kijana alinyamaza. Kisha akamweleza bibi habari za Sheeran na Beckham. Ilimchukua muda, maneno yakimkwama, bibi akimngoja.

"Huyo mwimbaji anatwanga mwenyewe?" bibi akauliza.

"Hapana Bibi. Ni kiwanda."

"Sasa kazi yake yeye ni nini?"

Akafikiri. "Jina."

"Aa," bibi akasema. "Mimi jina langu lilikuwa Mama wa Mihogo. Nalo liliuza."

Tangu siku ile wana miadi yao kila Jumamosi. Aliomba mapishi ya chachandu, na kazi ikaanza. Ukwaju uloweke, ukamue. Embe bichi ulikwaruze. Pilipili mbuzi uzichemshe, uzisage na kitunguu saumu. Chumvi kiasi. Kijana akauliza, "Kiasi ni gramu ngapi?" Bibi akacheka. Kiasi ni kiasi. Ikabidi bibi ashike chumvi kiganjani mbele ya kamera, na huku kijana anamimina kwenye mzani mpaka kiganja chake kifanane na cha bibi. Walipata gramu kumi na mbili. Sasa imeandikwa, mara ya kwanza katika maisha ya chachandu ile.

Ukwaju tuliupata Belgrave Road, kwenye maduka ya Wahindi. Wengi wa wazee wa mtaa ule walitoka Uganda mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza. Mwenye duka aliposikia kijana akiniuliza "Mama, huu ndiyo ukwaju?" akamjibu kwa Kiswahili, "Ndiyo huo, kijana, chukua ule wa chini, ni mpya." Mwanangu alitoka dukani akitabasamu mpaka nyumbani. Alidhani Kiswahili ni cha simu ya bibi tu.

Tuliyojifunza

Wazazi wenzangu, kwa kuwa watoto wetu wote wanaziona video hizi, popote tulipo, niache mambo machache ya vitendo.

Pilipili ikiwasha mdomoni, maji hayasaidii. Kinachowasha ni kapsaisini, nayo inayeyuka kwenye mafuta. Maziwa au mtindi husaidia kwa sababu protini yake huishika na kuiondoa. Kwenye jicho ni kinyume, hapo ni maji safi mengi, na daktari kama maumivu hayaishi.

Pilipili haichomi kama moto, inaudanganya mwili uhisi moto. David Julius wa Marekani alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, pamoja na mwenzake, kwa utafiti ulioanzia hapo hapo, kwenye kapsaisini. Lakini kudanganywa si kwamba hakuna hatari. Septemba 2023 kijana wa miaka 14 huko Massachusetts, Marekani, alifariki baada ya kula kipande kimoja cha krispi chenye pilipili kali sana, katika shindano lililokuwa likienea mtandaoni. Uchunguzi ulionyesha moyo wake ulisimama baada ya kula kapsaisini nyingi, na kwamba alikuwa na kasoro ya moyo ya kuzaliwa. Bidhaa ile iliondolewa madukani. Nilimsomea mwanangu habari hiyo. Ana umri ule ule. Sikuhitaji kuongeza neno.

Sosi kali mno iweke mahali unapoweka dawa. Ile yetu sasa iko juu ya kabati, ndani ya mfuko, na funguo ninazo mimi.

Na mtoto akileta mezani kitu chake, hata kama unakiona cha kipuuzi, kionje kwanza.

Kiswahili cha kijana wangu bado kina makosa. Bado anasema "jicho yake". Mama naye ameanza kuchoka, simu nyingine anapokea akiwa amelala. Tumeanza kuweka akiba ya nauli, tunatarajia kwenda Tanga Desemba.

Jumamosi iliyopita alimaliza chupa yake ya kwanza ya chachandu. Akaiweka mezani pamoja na zile za Sheeran na Beckham, akatuonjesha na mihogo bila kutuambia ipi ni ipi. Mume wangu aliipa tisa. Mimi nilijua kwa harufu, nikanyamaza.

Kisha akampigia bibi kumpa matokeo. Wewe umeshinda Bibi, akamwambia, lakini mimi nimekupa nane.

"Nane? Mbili zimekwenda wapi?"

"Chumvi, Bibi. Imezidi kidogo."

Mama yangu alikaa kimya. "Hata mimi," akasema, "siku zote nilikuwa nahisi hivyo."